Vidokezo: Mji Mzima Ndani ya Kiberiti

Okota tunda kavu la mninga, uliweke kiganjani. Katikati lina kitovu chenye singa ngumu zilizosimama, na pembeni limezungukwa na bawa pana, jembamba, la rangi ya majani makavu. Sasa lisimamishe juu ya kijiti. Hapo hapo umepata mwavuli wa mama ntilie, na chini yake pana nafasi ya benchi, sufuria na wateja wawili. Hukuchonga wala hukupaka rangi. Umetazama, kisha ukatazama tena.

Huko kutazama mara ya pili ndiko sanaa yenyewe. Kazi ndogo za mbegu, mimea na vitu vya kuokota hupendeza pale mtazamaji anapoona mambo mawili kwa pamoja: mwavuli, na tunda la mninga ambalo bado ni tunda la mninga. Kimoja kikifichwa, raha imekwisha. Mwaka 1942 Pablo Picasso aliunganisha kiti cha baiskeli na usukani wake, akapata kichwa cha fahali. Kazi ile inasisimua hadi leo kwa sababu baiskeli haikupotea ndani ya fahali. Vidokezo vyote hapa chini vinatokana na jambo hilo, na hakuna hata kimoja kinachokupeleka kwenye duka la vifaa vya sanaa.

1. Anza na kitu, si na wazo

Ukisema tangu mwanzo "nitajenga nyumba ya msonge", utaanza kuzilazimisha mbegu ziwe matofali, na mbegu hazipendi kulazimishwa. Fanya kinyume. Mwaga ulivyookota kwenye sinia, uvigeuze juu chini, uvilaze ubavu, uvisimamishe. Karafuu ikichomekwa mkia chini ni nguzo ya taa ya barabarani. Ganda la iliki likipasuliwa kwa urefu ni mtumbwi, mbavu zake zimekwisha kuchorwa. Tunda la mvinje ni nanasi, au mzinga wa nyuki ukilitundika. Tunda la mlama, lenye mabawa manne, ni kandili. Ganda la jakaranda ni kobe aliyefumba mdomo, na likipasuka kwa jua anaufumbua.

Kitu kikikataa kuwa chochote, kirudishe kwenye kopo. Siku moja kitakutana na mwenzake.

Wenye karafuu wana mfano mzuri wa kuiga. Huko Maluku, Indonesia, ambako ndiko asili ya mkarafuu kabla haujaletwa Zanzibar, mafundi wa Ambon wamekuwa wakiunda majahazi madogo kwa karafuu, zikiwa zimetungwa na kufungwa moja moja hadi zikawa ubavu wa meli, milingoti na wapiga makasia. Ukikikaribia chombo kile, harufu inakueleza kimeundwa kwa nini kabla macho hayajafika. Hapa kwetu karafuu hazina uhaba, na bado sijaona ngalawa yake ikiuzwa kwenye soko la Darajani, Zanzibar. Nafasi ipo.

2. Fuata msimu, na pwani fuata upepo

Mbegu nzuri ni ile iliyokaukia mtini ikaanguka yenyewe. Ukichuma tunda bichi ukalikausha nyumbani, mara nyingi linajikunja na kupoteza umbo. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi ndio wakati wa kutembea ukiangalia chini: maganda marefu ya mkrismasi, sufi inayotoka kwenye maganda yake, ukwaju uliopasuka. Hata barabara za mjini ni shamba. Nairobi yenye jakaranda na Dar es Salaam yenye mikungu hazimwachi mtu arudi mikono mitupu.

Pwani, kusi na kaskazi havileti vitu vilevile ufukoni. Wakati wa kusi bahari hutapika mwani, magogo na vitu vilivyosafiri mbali. Ukibahatika utaokota mbegu kubwa ya kahawia, bapa, laini, yenye umbo linalokaribia moyo: imetoka kwenye mmea wa msituni unaotambaa juu ya miti na kuzaa maganda yanayopita mita moja, ikabebwa na mto hadi baharini. Mbegu hiyo huelea miezi mingi bila kuoza. Usiipasue. Ipe nafasi ya jiwe kubwa, au ya mlima, katika kazi yako.

Mti wowote uliotoka baharini uloweke kwanza kwenye maji baridi siku kadhaa, ukiyabadilisha. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu wa hewa, na gundi haishiki.

3. Chagua kipimo kimoja, kisha usikisaliti

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mlango ni mdogo, kuku ni mkubwa kuliko mlango, ngazi haimfikishi mtu popote. Si lazima mtazamaji ajue kosa liko wapi, lakini jicho lake linakataa kuingia.

Wanaounda nyumba ndogo za maonyesho hupenda kipimo cha moja kwa kumi na mbili: mtu mzima anakuwa na urefu wa kama sentimita 14. Kwa mbegu, kipimo hicho ni kikubwa mno. Jaribu moja kwa arobaini na nane. Mtu atakuwa sentimita 3 na nusu, mlango wa mita 2 utakuwa zaidi kidogo ya sentimita 4, na sehemu ya kukalia ya kiti itakuwa na kimo kisichofika sentimita 1. Hapo punje ya kunde ni mtungi, mbegu ya ukwaju ni meza ya duara, na kijiti kimoja cha meno ni boriti. Ukitaka kuingia ndani ya kiberiti chenyewe, shuka hadi moja kwa themanini na saba, ambako mtu ana sentimita 2 tu. Hapo punje ya mchele inakuwa mkate mrefu na mbegu ya ufuta inakuwa kandambili ya mtu mzima.

Hesabu si ngumu. Pima kitu halisi kwa sentimita, gawanya kwa namba ya kipimo chako. Kisha weka ndani ya kazi kitu kimoja ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, mathalani ngazi, kiti au baiskeli. Jicho litapima vingine vyote kwa hicho.

Mwavuli wa mninga, kwa mfano, una upana wa kama sentimita 10, kwa hiyo watu wake lazima wawe na sentimita 8 hivi. Ukiwaweka wa sentimita 2, si mwavuli tena, ni paa la soko. Hilo nalo ni wazo zuri, mradi umelikusudia.

4. Ua wadudu kabla hawajakutangulia

Kunde, choroko na maharage yana wageni ndani yake. Miezi miwili baada ya kumaliza kazi yako, unaona unga mwembamba chini ya nyumba na tundu la mviringo kwenye kila mtungi. Fukusi hawajali sanaa.

Mwenye friza azifunge mbegu kavu kwenye mfuko usiopitisha hewa, aziache wiki nzima kwenye baridi kali. Akizitoa, mfuko usifunguliwe mpaka urudi kwenye joto la chumbani, ili umande ubaki nje ya mfuko badala ya kuzilowesha mbegu.

Asiye na friza ana jua, na jua letu linatosha. Tandika kitambaa au nailoni nyeusi juu ya mkeka, si juu ya sakafu tupu, maana sakafu hunyonya joto. Tandaza mbegu ziwe safu moja, funika kwa nailoni ang'avu, bana kingo zote kwa mawe. Anza kabla ya saa sita mchana. Chini ya nailoni joto likifika nyuzi 57 za Selsiasi na kudumu saa moja, mayai na mabuu ya wadudu wa kunde hufa. Njia hii ilibuniwa kwa ajili ya kuhifadhi chakula cha wakulima, na inafaa vilevile kwa mitungi yako midogo. Mbegu zilizopitia joto hilo usizitegemee kwa kupanda.

Baada ya hapo weka kila aina kwenye chupa yake, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe kamwe.

5. Zijue mbegu zinazoua

Kidokezo hiki asikiruke hata mtu mmoja. Mbegu nzuri kuliko zote vichakani, nyekundu kabisa yenye doa jeusi, ndiyo hatari kuliko zote. Wengine huiita tipitipi, wengine turituri. Ganda lake likiwa zima ni gumu na sumu inabaki ndani. Likitobolewa, likisagwa au likitafunwa, mbegu chache tu, pengine hata moja, zinaweza kumuua mtoto. Kuitoboa ili kutunga ushanga kunamweka fundi mwenyewe hatarini kwa sababu ya vumbi lake. Ushauri wangu ni mfupi: iache porini. Ukitaka nyekundu na nyeusi pamoja, mbegu ya mkongo, mti ambao pwani ya Kenya huitwa mbambakofi, ina mwili mweusi na kofia ya rangi ya chungwa iliyokolea, nayo ni kubwa na rahisi kushika. Hata hiyo si ya kutiwa mdomoni.

Mbono nao una mbegu zenye madoadoa mazuri ajabu, kila moja na mchoro wake, na sumu yake ni kali vilevile. Mnanaha, ulio na tunda la miiba, ni sumu mmea mzima. Mnyaa hutoa utomvu mweupe unaoweza kudhuru macho vibaya, kwa hiyo vijiti vyake vibichi usivikate bila miwani. Korosho mbichi usiibanje mwenyewe ili upate ganda. Mafuta yaliyo ndani ya ganda lake huunguza ngozi. Na upupu, ndiyo, ganda lake lina mahameli ya dhahabu ambayo hakuna kitambaa kinachoifikia. Liangalie kwa mbali.

6. Gundi ni msaidizi. Kigingi ndicho fundi

Watu huniuliza gundi gani ni bora. Jibu la kweli ni kwamba kiungo bora kabisa hakitegemei gundi. Toboa tundu dogo kwenye vitu vyote viwili, ingiza kipande cha kijiti cha meno au cha waya mwembamba, kisha tia tone la gundi kuzuia kisizunguke. Kiungo hicho kinastahimili kuanguka, joto na mikono ya wageni.

Gundi nyeupe ya mbao ni tulivu, haina harufu kali, ikikauka haionekani, na ukikosea unaifuta kwa maji. Udhaifu wake ni kwamba haishiki ganda linaloteleza. Mbegu ya ukwaju au ya stafeli isugue kwanza kwa msasa mahali itakapogusana na mwenzake, eneo dogo tu lisiloonekana, ndipo uibandike. Iache usiku kucha.

Supagluu hushika kwa kufyonza unyevu, na katika hewa ya pwani hushika upesi mno. Tatizo lake ni ukungu mweupe unaotua pembeni ya kiungo na kuharibu rangi ya mbegu nyeusi. Tumia tone la ncha ya sindano, na uache upepo upite wakati inakauka. Gundi ya bunduki, ile ya moto, ni haraka lakini ni nene kwa kazi ndogo, huacha nyuzi kila upande, na ukiisahau kazi yako ndani ya gari mchana, inalainika na mji unaporomoka. Mimi huitumia kushikilia msingi wa kazi tu, mahali ambapo macho hayafiki.

Kwa msingi wenyewe jaribu udongo wa kichuguu. Upepete, uukande kwa maji kidogo pamoja na gundi nyeupe, uutandaze. Mchwa wamekwisha kuusaga laini kuliko kinu chochote, na rangi yake ni ya barabara ya kijijini ambayo hakuna kopo la rangi linaloipatia.

7. Zana zako zinatosha kwenye kikombe

Kibano cha nyusi chenye ncha kali. Wembe mpya. Msasa laini. Sindano ya magunia. Koleo dogo la fundi umeme. Mkasi wa kucha. Kifaa pekee kinachostahili kununuliwa ni keekee ndogo ya mkononi yenye msumari wa milimita 1. Inazungushwa kwa vidole na haipasui mbegu kama mashine ifanyavyo. Komwe, zile za kijivu za kuchezea bao, ni ngumu sana. Zishikilie kwenye jiliwa au kwenye tundu la ubao, kamwe si katikati ya vidole.

8. Tembelea mafundi wa mtaani

Mimea peke yake huweza kuwa laini mno. Kipande kimoja cha chuma au plastiki huipa kazi mifupa. Fundi saa ana kopo la magurudumu yasiyofaa. Fundi cherehani ana vifungo pweke. Fundi simu ana vibao vilivyojaa "majengo" ya rangi zote, ambavyo vikilazwa ni mji unaotazamwa kutoka kwenye ndege. Waombe kwa adabu, nunua ukiweza, na urudi kuwaonyesha ulichounda. Ndipo watakapoanza kukuwekea. Cyrus Kabiru wa Nairobi amejulikana duniani kwa miwani anayoiunda kwa vyuma chakavu na takataka za mji wake, na ukiitazama kwa karibu kila kijiko na kila waya bado unatambulika.

Ufukweni, okota plastiki kwanza na kombe baadaye. Kandambili zilizokatika zinakatwa vizuri kwa wembe, hazinyonyi maji, na rangi zake zimekwisha kufifishwa na jua kwa namna ya kupendeza. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa vipande vya kandambili, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Jahazi lako litakuwa la sentimita 6, na malighafi ni ileile.

Kombe na matumbawe ni jambo jingine. Ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi na Mafia hairuhusiwi kuokota chochote, na hata nje yake kombe zima ni nyumba: kaa wasio na gamba la kutosha huhamia humo. Chukua vipande vilivyovunjika. Kipande kilichosuguliwa na mawimbi ni vigae, ni sahani, ni hatua za ngazi, na hakuna kaa anayekidai.

9. Ipe kazi yako chumba

Kitu kidogo kikiwekwa wazi juu ya meza hupotea kati ya funguo na risiti. Kikiwekwa ndani ya kuta nne, kinaamuru utulivu. Kifuu kilichokatwa nusu ni pango au anga la usiku. Kopo la dagaa lililosafishwa ni chumba cha hoteli. Karara la mnazi ni bahari yenye mashua ndani yake. Droo ya kiberiti ina urefu wa kama sentimita 5, nayo inavutwa na kufungwa, yaani ina pazia lake.

Bwana aliyeujua ukweli huu kuliko wote ni Mmarekani Joseph Cornell, aliyezaliwa 1903 na kufariki 1972. Hakusomea sanaa. Aliishi na mama yake na mdogo wake katika nyumba ya kawaida kwenye barabara ya Utopia Parkway, Queens, New York, akizunguka kwenye maduka ya vitu vya mitumba kununua picha kuukuu, gololi, vikombe vidogo na ramani za nyota. Hakuwahi kusafiri nje ya Marekani, lakini visanduku vyake vyenye kioo mbele vimejaa hoteli za Ulaya, kasuku na mbingu za usiku. Chini ya nyumba yake aliweka maboksi yaliyoandikwa kilichomo, aina kwa aina. Chukua hilo kwake hata kama huchukui kingine. Mwenye makopo yenye majina huona uhusiano kati ya vitu. Mwenye mfuko mmoja wa rambo uliojaa kila kitu huona mfuko.

10. Jifunze usafi kwa Kingelez

Watu wengi hufikiri kwamba kazi ya vitu vya kuokota inaruhusiwa kuwa chafu kidogo, eti ndiyo tabia yake. Bodys Isek Kingelez aliwakatalia maisha yake yote. Alizaliwa 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, Kongo, akahamia Kinshasa, akafanya kazi kwenye makumbusho ya taifa akikarabati barakoa za zamani. Nadhani mkono wake ulinolewa pale, kwenye kutengeneza kitu cha mwingine bila kuacha alama. Baadaye akajikita katika kujenga miji yake mwenyewe kwa karatasi ngumu, maboksi ya bidhaa, vifuniko vya chupa, makopo ya soda na vijiti vya meno. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris. Mwaka 1994 akakijenga upya kijiji chake cha kuzaliwa kiwe jiji la minara, njia na viwanja. Alifariki 2015, na miaka mitatu baadaye jumba la sanaa la MoMA huko New York likafungua maonyesho makubwa ya miji yake.

Angalia picha za majengo yale. Kila ukingo umenyooka. Kila rangi imeishia inapotakiwa kuishia. Hakuna tone la gundi linalochungulia. Pakiti ya bidhaa ya dukani imesimama kwa heshima kama marumaru, na bado ni pakiti. Kwa hiyo kata tena ukingo uliopinda. Futa gundi iliyotoka kabla haijakauka. Osha kifuniko cha soda, toa vumbi kwenye mbegu kwa brashi ya mswaki wa zamani. Unyenyekevu wa malighafi hautoi ruhusa ya uzembe. Unadai mkono makini zaidi.

11. Usipake rangi mpaka umeishiwa

Sinia moja la jikoni lina rangi zaidi ya unavyodhani: dengu za chungwa, choroko za kijani, ulezi wa hudhurungi nyekundu, mtama mweupe, mbegu nyeusi za papai, ganda la yai. Kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota, Marekani, watu hubandika mbegu za mazao punje kwa punje hadi uso mzima wa mtu ukatokea, shavu na kivuli chake. Ukipaka mbegu rangi ya mafuta umeifanya iwe shanga, na shanga zinauzwa dukani.

Maua ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu mengi hugeuka kahawia. Bogenvilia ndilo rafiki wa kweli. Lile jani lake la rangi, ambalo tayari ni kama karatasi, likikandamizwa wiki mbili kati ya kurasa za gazeti chini ya vitabu vizito hubaki na rangi yake kwa muda mrefu, na hutoa khanga, mapazia na matanga. Maua yenye umbo la kikombe yazike kwenye mchanga laini uliokaushwa kabisa, ukiumimina taratibu ili yasibanwe. Kazi ikikamilika, iweke mbali na dirisha lenye jua la moja kwa moja.

12. Toa kitu kimoja

Ukidhani umemaliza, ondoa kitu kimoja. Kisha kingine. Uwanja mtupu mbele ya nyumba ndogo unaifanya nyumba iwe ndogo zaidi, na mtu mmoja kwenye uwanja huo ana hadithi; watu kumi ni msongamano tu.

13. Watoto wapewe kazi ya kweli

Mtoto aliyewahi kuunda gari la waya au mashua ya kumbi la nazi hahitaji kufundishwa kutazama mara mbili. Anahitaji mezani pasafishwe, mbegu zenye sumu ziwe zimeondolewa, na wembe uwe mkononi mwa mkubwa. Walio chini ya miaka mitatu wasipewe punje ndogo kabisa, maana huishia puani au kooni. Wengine wote waachie, na usiwarekebishe. Akisema kokwa la embe lenye nyuzi ni simba, ni simba. Muulize anakula nini.

14. Piga picha ukiwa na kimo chao

Simu inatosha. Ishushe mpaka lenzi iwe sawa na macho ya mtu wako wa sentimita 3, si juu yake, maana kutoka juu kila kitu ni mchezo wa mezani. Tumia mwanga wa dirisha wa asubuhi unaoingia kwa ubavu, na karatasi nyeupe upande wa pili kulainisha kivuli. Tatsuya Tanaka wa Japani amekuwa akitoa picha moja ya dunia ndogo kila siku tangu 2011, na ukizitazama utaona kwamba brokoli zake ni miti mikubwa kwa sababu kamera imekubali kuinama.

15. Andika nyuma yake

Chini ya kila kazi bandika karatasi ndogo: jina la kila mmea, mahali ulipouokota, mwezi na mwaka. Kalamu iwe ya risasi, kwa kuwa wino hupauka na huvuja ukipata unyevu. Mnunuzi atafurahi, na atakayeikarabati kazi hiyo siku za usoni atajua atafute nini. Kama hujui jina la mti, beba jani na tunda umwendee mzee anayeuza dawa za mitishamba sokoni, au bibi shamba wa kata yako. Mwamkie, mwonyeshe, umwache azungumze. Huenda ukarudi na jina la Kidigo, la Kizigua na la Kiswahili kwa mti mmoja. Yaandike yote matatu, na uulize pia tunda lake huanguka mwezi gani.